Mwaka Yaya Alipoona Siku Zake Tena

Katika nyumba yetu hapa Kasongo hakuna aliyehitaji kuuliza ni mwanamke gani yuko mwezini. Ramadhani ilisema yenyewe. Ukimkuta mwanamke jikoni mchana, anakunywa uji na mgongo kaupa mlango, basi umeshajua. Sisi tulikuwa wake wawili wa bwana mmoja na jiko letu lilikuwa moja, kwa hiyo siku za mwenzangu nilizijua kuliko bwana wetu alivyozijua, na yeye alizijua zangu.

Mke mkubwa nilimwita Yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Nilipoletwa kwake nilikuwa na miaka ishirini, mtoto wa wakulima Wakristo wa upande wa Lusangi, sijui hata kutia udhu. Nililia siku tatu. Siku ya nne aliingia chumbani mwangu na birika la maji mkononi, akaniambia, "Weye utalia mupaka lini? Simama nikuonyeshe." Akanionyesha mikono, mdomo, pua, uso, na jinsi ya kupangusa kichwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusali na kufunga, na jinsi mwanamke anavyozirudisha baadaye zile siku alizokula kwa sababu ya damu.

Sitaki mtu adhani tulipendana kila siku. Tulikuwa wake wenza. Aliweza kunisema mbele ya wageni kwa ajili ya chumvi iliyozidi kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, nami niliweza kupika wali wangu kwa mawese mazuri na kumwachia yaliyochacha. Ulikuwapo mwaka mzima tuliosalimiana kwa sababu ya watoto tu. Lakini mtoto wangu wa pili alipokataa kutoka, yeye ndiye aliyenishika mgongo kuanzia adhuhuri hadi magharibi.

Yaya alikuwa amepita hamsini alipofunga kwa mara ya kwanza siku zote za mwezi bila kuacha hata moja. Siku ya Idi aliniambia jikoni, "Miye nimemaliza. Sasa nitafunga kama wanaume." Alilisema kwa kujivuna. Mwaka uliofuata alifunga zote tena, na wa tatu vilevile. Nami katika miaka hiyo niliona jambo ambalo sikumwambia mtu. Bwana wetu, ambaye anafanya biashara ya mchele na mafuta kati ya hapa na machimbo ya Salamabila, aliendelea kumpa Yaya zamu zake kama dini inavyotaka, lakini alikwenda kwake kama mtu anayekwenda kulala. Kwangu alikuja akiongea. Nilifurahi. Naandika hivi nikiwa mtu mzima, na sioni faida ya kujificha.

Kisha zamu yangu ikafika. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, siku zangu zikaanza kuniyumbisha. Miezi miwili hakuna kitu, halafu damu inakuja nyingi hadi nashindwa kutoka nje. Halafu mwezi mmoja sawasawa, kama zamani, halafu tena hakuna. Joto lilinipanda kifuani hata asubuhi ya mvua, nikawa nafungua vifungo vya blauzi huku nikipepeta mchele. Niliwafokea watoto kwa mambo madogo, kisha nikalia peke yangu.

Yaya aliona. Hakuna kilichompita. Siku moja alisimama mlangoni akaniangalia ninavyojipepea kwa ungo, akacheka kicheko chake cha puani.

"Karibu, bibi mudogo," akasema. "Na weye unakuja upande wangu."

Neno lile lilinichoma. Nilikuwa nimezoea kuwa kijana wa nyumba ile. Niliingia ndani nikajitazama katika kioo kidogo cha bwana cha kunyolea ndevu.

Ramadhani iliyofuata, katikati ya mwezi, nilitoka uani nikamkuta Yaya jikoni. Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Alikuwa na bakuli la uji, na mgongo wake ulikuwa mlangoni. Nilifikiri anaumwa.

"Usinitazame hivyo," akasema bila kugeuka. "Imerudi."

"Nini imerudi?"

"Siku zangu." Sasa aligeuka, na uso wake ulikuwa umejaa haya na furaha pamoja, kama mwari. "Miaka tatu, sioni kitu, leo asubuhi naona. Mungu ananirudishia usichana, bibi mudogo."

Nikamjibu nilichokijua. "Hata zangu iko nakuja, nakwenda. Ni mambo ya umri tu, Yaya. Yako na yangu ni moja."

Maneno hayo nimejisamehe. Niliamini nilichosema. Kwangu mimi, damu ya mwanamke mzima ilikuwa damu tu: ikichelewa imechelewa, ikirudi imerudi. Hakuna mama aliyenieleza zaidi ya hapo. Mama yangu mwenyewe alifika umri ule, akamaliza, akafa, na hatukuwahi kulitaja jambo hilo mimi na yeye.

Yaya hakulificha. Aliwaambia majirani, nao wakapiga vigelegele vya mzaha juu ya ukuta wa mianzi. Alipaka hina miguuni. Bwana wetu aliporudi kutoka Salamabila, vumbi jekundu la njia likiwa bado kwenye nyusi zake, alituletea kila mmoja kikwembe kipya cha kujifunga, sawa kwa sawa kama desturi yake, lakini alikaa mlangoni kwa Yaya hadi chai ikapoa. Nilimsikia akicheka. Kisha nikamsikia Yaya akisema, kwa sauti ya kutaka nisikie, "Angalia sana, Baba ya watoto. Naweza kukuzalia tena. Yule mwenzangu ndiye anafunga duka."

Wiki chache baada ya Idi damu yangu ilikuja kwa namna ya kunitisha. Ilikaa siku kumi na mbili. Nilikwenda peke yangu kwenye santre ya afya, pale mtaani kwetu, nikamkuta munganga, mama mmoja mwenye mvi ambaye alikuwa amefanya kazi miaka mingi vijijini upande wa Kabambare kabla ya kuja hapa. Alinipima, akanishika tumbo, akaniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: mara ya mwisho lini, kabla ya hapo lini, ilikuwa nyingi kiasi gani. Akanipa dawa ya kuongeza damu. Kisha akasukuma daftari lake pembeni.

"Mama, weye hujamaliza," akasema. "Uko njiani. Watu wanachanganya haya mambo mbili. Wazungu wameyapa majina mbili: perimenopozi na menopozi. Wakati siku zinakuja na kukatika, joto linapanda, usingizi unakimbia, hiyo ya kwanza, ni safari. Inaweza kuchukua miaka. Na ukiwa mu safari bado unaweza kushika mimba, usijidanganye."

"Na nitajuaje kama nimefika?"

"Mwaka muzima. Miezi kumi na mbili bila tone. Ikija hata mwezi wa kumi na moja, unaanza kuhesabu upya. Ukipita mwaka, basi, umefika, hiyo ndiyo menopozi."

Nilikuwa nimeshaanza kufunga kikwembe changu vizuri ili niondoke. Akanishika mkono.

"Sikia na hii. Damu yako ya sasa, ikiwa nyingi namna hii tena, unarudi. Lakini mwanamuke ambaye ameshafika, ameshapita ule mwaka, halafu anaona damu, hata kidogo, hata mara moja, huyo asikae nyumbani. Ile haiko siku zake. Mara nyingi ni kitu kidogo tu, tunatibu. Lakini inaweza kuwa ugonjwa mubaya wa kizazi, na ule ukiachwa hauna huruma. Ukimujua mama namna ile, mulete."

Nilimjua mama namna ile. Nilikuwa nimemwacha uani asubuhi hiyo, anasuka nywele.

Kutoka santre hadi kwetu ni mwendo mfupi, na njia yote nilikuwa nimeamua kumwambia. Nakumbuka nilivyoyapanga maneno. Nilipoingia, Yaya alinitazama nilivyokwenda polepole, akasema, "Umetoka kwa munganga? Amekuambia nini? Umemaliza?" Wanawake wawili wa jirani walikuwa wamekaa naye kwenye mkeka. Wote wakangoja jibu langu, na mmoja alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Hapana," nikasema. "Amesema bado."

"Ee, bado," Yaya akasema, na wakacheka.

Nikaingia chumbani kwangu. Nilijiambia nitamwambia kesho, tukiwa peke yetu. Kesho ilifika, tukawa peke yetu, tunachambua mchele kwenye ungo mmoja, na sikumwambia. Nilijiambia munganga alisema mara nyingi ni kitu kidogo. Nilijiambia nikisema ataona ninamwonea wivu, na hilo lilikuwa kweli: ningesema, angeona hivyo. Lakini chini ya sababu hizo zote ilikuwapo nyingine ambayo sikuitazama usoni. Nilitaka awe amekosea. Nilitaka furaha yake iwe upuuzi, na niwe mimi peke yangu ninayejua kwamba ni upuuzi. Niliposikia bwana akicheka mlangoni kwake, nilikuwa na kitu changu moyoni cha kujifariji nacho. Ule ugonjwa mbaya sikuufikiria hata kidogo. Naapa sikuufikiria. Lakini nilikuwa nimeambiwa.

Miezi minne ikapita. Damu ya Yaya ilikuja na kwenda, na kila mara ilikuwa na rangi nyingine. Hina ilififia miguuni, hakupaka tena. Alianza kukonda mabegani. Mimi niliosha vikwembe vyangu upande mmoja wa uani, yeye vyake upande wa pili, na maji aliyomwaga yalikuwa na harufu ambayo nilijifanya sijaisikia.

Wakati wa kuvuna mpunga tulikwenda shambani wote wawili, nje ya mji, kama kila mwaka. Alikuwa mbele yangu anakata masuke kwa kisu. Akasimama. Akaketi palepale, juu ya mpunga, jambo ambalo yeye hakuruhusu hata mtoto alifanye. Nilipomfikia, damu ilikuwa imepita kikwembe cha ndani na cha nje.

"Bibi mudogo," akasema, "hii haiko siku."

"Hapana, Yaya. Haiko siku."

Tulimpata mwenye pikipiki barabarani. Nilimweka Yaya katikati, nikapanda nyuma yake nikamshika kiunoni, na ndipo nilipojua amepungua kiasi gani.

Kule santre alikuwapo munganga yuleyule. Alimwuliza Yaya maswali, Yaya akajibu: ndiyo, alikuwa amemaliza miaka mitatu, ndiyo, ilirudi Ramadhani, hapana, hakwenda popote, kwa sababu mwenzake pia ilikuwa inakuja na kukatika. Munganga akaandika. Kisha akainua macho, akanitazama vizuri, na nikaona uso wake unakumbuka.

"Lakini si weye nilikueleza?" akaniuliza. "Pale kwa kile kiti? Si nilikuambia, ukimujua mama namna ile, mulete?"

Yaya alikuwa amelala kitandani, uso wake umegeukia kwangu. Alinitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika, hakushangaa. Akageuza uso akautazama ukuta, na munganga akaendelea na kazi yake.

Alituandikia barua ya hospitali. Daktari wa hospitali, kijana mpole, alimwita bwana wetu nje na kumweleza, na bwana wetu akarudi akiwa mzee. Ilikuwa ndani ya kizazi na ilikuwa imetoka nje ya kizazi. Walimpeleka hospitali kubwa ya Kindu, pikipiki mbili, siku tatu njiani kwa sababu hakuweza kukaa muda mrefu. Kule waganga walimwangalia, wakashauriana, wakasema kumpasua hakutasaidia kitu tena. Bwana aliuliza kama angeletwa mapema ingekuwaje. Walimjibu kwamba mapema wangetoa kizazi chote, na wanawake wengi wanapona. Bwana alinisimulia hayo akiwa ameketi juu ya gunia, akitazama mikono yake. Hakujua anamsimulia nani. Yaya hakuwa amemwambia.

Alirudi nyumbani akaishi miezi mitano. Mimi nilimwosha, nilimlisha, nilimgeuza upande huu na upande ule. Watu walinisifu. Walisema, tazameni mke mwenza huyu, kama mtoto wa tumbo moja. Kila sifa ilinichoma kama mwiba. Na kila asubuhi nilipoingia kwake na maji ya moto, nilijua anangoja niseme, na kila asubuhi nilisema, "Umeamukaje, Yaya?" naye akajibu, "Nimeamuka tu."

Hatimaye alichoka kuningoja. Ilikuwa mchana, nilikuwa nampaka mafuta miguuni, ngozi yake imekauka kama ya mtu aliyetoka kupepeta majivu.

"Yule munganga," akasema, "alikuambia mambo yangu lini?"

"Baada ya Idi."

"Idi ile?"

"Ile, Yaya."

Akahesabu kwa vidole. Niliendelea kupaka mafuta mahali pamoja.

"Ungeniambia," akasema, "singekuamini. Ningesema, huyu ananionea wivu sababu Baba anacheka kwangu. Ningeita majirani tukucheke."

"Ndiyo, Yaya."

"Lakini ungeniambia."

Nililia nimeweka paji langu la uso juu ya miguu yake yenye mafuta. Nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe na hakusema amekataa. Baada ya muda aliniambia mguu wa kushoto bado, nikaupaka.

Binti yake mkubwa anakaa Wamaza, ameolewa huko, analima na kuuza vitu vidogo vidogo sokoni. Alifika siku mbili kabla ya mama yake kufa. Pikipiki ilimwacha njiani kwa sababu ya matope na akamalizia kwa miguu, mtoto mgongoni. Tulimwosha Yaya mimi na yeye na mama mmoja wa msikitini. Mikono yangu ilijua kila mahali pa mwili ule. Sikusema kitu, na binti hakuuliza kitu, kwa sababu siku kama zile mtu hafikirii zaidi ya maji na sanda.

Baada ya arobaini, alipokuwa anafungasha arudi kwake, alinifuata uani. Yeye ana miaka karibu arobaini. Aliniita Mama mudogo, kama alivyoniita tangu akiwa msichana mdogo.

"Mama mudogo, ugonjwa wa mama unaanzaje? Nataka nijue, sababu nami nitafika umri ule."

Nikamketisha. Nikamweleza yote kama nilivyoelezwa. Nikamwambia kuna miaka ya safari, siku zinakuja na kukatika, joto linapanda, moyo unakuwa mwepesi kukasirika, na hiyo si kufika. Nikamwambia ahesabu miezi kumi na miwili, na tone moja likija ndani yake aanze upya. Nikamwambia kwamba damu nyingi ya kupita kiasi hata safarini si ya kuachwa, na kwamba baada ya ule mwaka kupita, damu ikirudi, asiite usichana, asingoje hata juma moja, apande pikipiki aje. Alinisikiliza macho yake yako chini, akirudia baadhi ya maneno kimyakimya ili ayashike.

Kisha akainua macho. Akaniuliza, "Haya yote umeambiwa lini?"

Ningeweza kusema niliambiwa kule hospitali, wakati wa ugonjwa. Bwana wetu mpaka leo anaamini hivyo. Lakini yule binti ana macho ya mama yake, nami nilikuwa nimeshanyamaza mara moja.

"Miezi minne kabla ya kumupeleka mama yako kwa munganga," nikasema.

"Kwa nini hukumuambia?"

"Nilikuwa na wivu."

Alisimama. Akamfunga mtoto mgongoni, akabeba mzigo wake kichwani, akaenda kumuaga baba yake kwenye kibaraza. Kwangu alipita bila neno.

Ni miaka miwili sasa. Watu wanaotoka Wamaza na mzigo wa karanga au mahindi huleta salamu za yule binti kwa baba yake, kwa majirani, hata kwa yule mama wa msikitini. Kwangu hazifiki. Mimi siku zangu zimekatika kabisa na ule mwaka umepita. Siku ya Idi nilikaa jikoni peke yangu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia nimemaliza.